Ukimya Uliosagwa

Soko la Kutaisi, Januari, karibu na kufunga.
Nyuma ya wauza jibini mto Rioni unanguruma,
nami nasaga uwatu wa mwisho wa siku
Shabtai anapoingia na kitabu kwapani,
theluji mabegani, na hoja ya jana
bado inafuka kama chungu.

"Zima mashine, shemeji. Tafsiri yako ya Kirusi imenichosha.
Kimbunga kimepita, Mungu hakuwemo.
Tetemeko, hakuwemo. Moto, hakuwemo.
Halafu wanatuletea nini? Kijiupepo!
Upepo tena? Si tumeshaambiwa hakuwemo katika upepo?"

Nazima.
Anayaweka maneno matatu juu ya mizani yangu
kana kwamba yana bei:
kol, demama, daka.

Kol ni sauti; hilo halina kesi.
Demama ni ukimya, lakini si wa chumba kitupu.
Haruni aliponyamaza, wanawe wawili wamelala mbele yake,
shina la neno lilikuwa hili hili.
Siulizi zaidi. Datiko wangu tulimzika Novemba.
Shabtai anakohoa kidogo, anarukia neno la tatu.

"Daka: nyembamba. Ng'ombe wa ndoto ya Farao,
wale wa kuhesabika mbavu, waliitwa hivyo.
Mana iliyolala jangwani kama sakitu, hivyo hivyo.
Uvumba wa kuhani, uliopondwa ukapondwa tena.
Yule ndama wa dhahabu, alipogeuka unga majini."

"Basi si nyembamba," nasema. "Imesagwa."

Ananitazama. Miaka thelathini amewafundisha watoto aya hii
na hajawahi kushika kinu.
Ananyamaza dakika nzima;
na dakika nayo, kwa Kiebrania cha leo, ni daka ileile,
saa iliyotiwa kinuni.

Sauti ya ukimya uliosagwa.
Nani alisaga? Kwa jiwe lipi?
Upepo ule uliopasua milima, labda.
Tetemeko, labda. Moto.
Labda hakuwemo ndani yake
kama nisivyokuwemo mimi ndani ya mashine hii,
ingawa mkono ni wangu.

Lakini rudi nyuma kidogo, aya za juu,
usimkute mtu pangoni kana kwamba alizaliwa humo.
Juzi alishinda; leo anakimbia tishio la malkia mmoja.
Chini ya mretemu aliomba afe.
Akalala, akala, akalala, akala,
akatembea siku arobaini
akafika na mzigo uleule.
Akaulizwa: unafanya nini hapa?
Akajibu: nimesalia peke yangu.
Kisha kimbunga, tetemeko, moto, na kile kilichosagwa;
akajifunika uso kwa joho, akasimama mlangoni.
Akaulizwa tena, swali lilelile.
Na jibu (hapa miaka yote nilikuwa nikisoma mbio)
jibu ni lilelile, neno kwa neno.

Hakupona.
Alisikia, akajua ni nani, akafunika uso,
na bado akasema: nimesalia.
Sijui kwa nini hilo limenifariji.
Mimi pia, tangu Novemba, kwa kila anayenijulia hali
nina jibu moja.

Vumbi la uwatu linashuka taratibu chini ya taa,
linatua kwenye mizani, kwenye kitabu, kwenye kope za Shabtai.
Mashine imezimwa zamani
na masikio yangu bado hayajaambiwa.
Shemeji anafungua mdomo.
Anaufunga.

Ndipo Nargiza wa ghorofa ya nne anagonga kioo:
giligilani, gramu mia, za kutia kwenye maharage.

"Nikusagie laini kiasi gani?"

"Hadi isisikike ulimini."